Usipake Rangi Kabla Hujajua Maji Yanatoka Wapi

(Maneno haya niliyatoa katika mkutano wa wakazi wa mtaa wetu hapa Nakuru, mwezi wa Februari. Nimeyaandika yote kwa ajili ya majirani ambao hawakuweza kufika. Picha nilizoonyesha siku ile nimeziacha.)

Wazee wetu, kina mama, wenye ploti na wapangaji, na nyinyi vijana mliosimama pale mlangoni, nawasalimu nyote. Mwenyekiti, asante kwa nafasi hii.

Niwaulize kwanza. Ni nani hapa ambaye nyumba yake haina hata ukuta mmoja unaobambuka rangi? Inueni mikono tuwaone. Mikono ni michache. Sasa, ni nani aliyepaka ukuta huo mwaka jana, akaupaka na mwaka juzi, na anapanga kuupaka tena kabla ya Pasaka? Hapo mikono inainuka kila upande, na hilo ndilo lililonileta.

Mimi ni mwashi. Nimefanya kazi katika nyumba za mji huu kuanzia Lanet hadi Kiamunyi, kuanzia Section 58 hadi Kaptembwa. Nikiitwa kwenye nyumba yenye unyevu, swali la kwanza huwa hili: "Fundi, ni rangi gani itashika hapa?" Jibu langu halibadiliki. Hakuna. Rangi ya bei ya chini haitashika, ya bei ya juu haitashika, ya mafuta haitashika, ya maji haitashika. Itavimba, itapasuka, itaanguka sakafuni. Ukuta huo haujakosa rangi. Una maji, na maji hayo yana mahali yanapotoka. Maji yanatoka wapi? Nitalirudia swali hilo hadi mlichoke, kwa sababu nimeona pesa za karo za watoto zikiishia kwenye ndoo za rangi.

Tuanze na mawe tunayojengea. Hapa tumekaa chini ya Menengai. Mlima ule ulipolipuka zamani sana ulimwaga majivu mengi, na mengi ya mawe ya machimbo yetu yametokana na majivu hayo ya volkeno. Ni mawe mazuri. Ni mepesi, yanachongeka, na bei yake mtu wa kawaida anaiweza. Lakini yana vitundu vidogo vidogo ndani, na vitundu hivyo hunyonya maji. Simamisha jiwe kavu kwenye karai lenye maji kidogo, uende unywe chai. Ukirudi utaona alama ya unyevu imepanda juu ya maji. Hakuna aliyeyasukuma. Jiwe limeyavuta lenyewe, kama utambi wa taa unavyovuta mafuta.

Kwa hiyo mwashi anayejua kazi, akimaliza msingi, hulaza karatasi nyeusi juu yake kabla ya kupandisha ukuta. Mafundi wote wanaiita DPC. Kazi yake ni kukata njia. Maji ya ardhini yakipanda, yafike pale, yasimame. Karatasi hiyo inatakiwa iwe angalau sentimita 15 juu ya ardhi ya nje, ilazwe upana wote wa ukuta, na pale vipande viwili vinapokutana kimoja kikalie kingine vizuri, sentimita 15 tena. Ni moja ya vitu vya bei ndogo kabisa katika nyumba nzima. Na bado kuna watu wanaojenga nyumba ya mamilioni kisha wanaikata karatasi hii nusu ili itoshe kuta mbili. Nimeviona vipande hivyo kwa macho yangu, vyembamba kuliko jiwe lenyewe, maji yakipita kandokando yake kana kwamba hakuna kilichowekwa.

Lakini sikilizeni. Unaweza kuwa na DPC nzuri na bado ukuta ukalowa. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndilo tatizo ninalolikuta mara nyingi zaidi.

Kuna mzee mmoja kule Lanet, mwalimu mstaafu. Nyumba yake ilikaa miaka mingi bila doa. Watoto wake walipopata kazi wakaamua kumpendezea baba uwanja. Wakaleta kabro, yale matofali ya saruji ya kutandika uwanjani, wakamwaga mchanga, wakapanga uwanja mzima hadi kwenye ukuta wa nyumba. Uwanja ukapendeza kweli. Masika yalipopita, rangi ya sebuleni ikaanza kubambuka chini, usawa wa kifundo cha mguu. Mwaka uliofuata ikafika magotini. Akaja fundi akasema dawa ni vigae, akabandika vigae vya ndani hadi usawa wa kiuno. Je, maji yaliondoka? Hayakuondoka. Yalipokosa pa kutokea, yalipanda nyuma ya vigae yakatokea juu yake, na unga mweupe ukaanza kumwagika juu ya kiti cha mzee.

Nilipoitwa sikuingia ndani kwanza. Nilipiga magoti nje, nikang'oa kabro moja iliyogusana na ukuta, nikachimba mchanga taratibu kwa ncha ya panga. Ukingo mweusi wa DPC ukaonekana. Ulikuwa vidole vinne chini ya kabro. Mnaelewa kilichotokea? Karatasi ilikuwa nzima, haikuchanika. Ila ardhi ilikuwa imepandishwa juu yake. Kila mvua iliponyesha, maji yalikaa kwenye mchanga wa kabro na kuingia ukutani juu ya karatasi, pale ambapo hapakuwa na kinga yoyote.

Tulifanya nini? Tuliondoa safu mbili za kabro kuizunguka nyumba. Tukachimba mfereji hadi sentimita 15 chini ya ile karatasi, tukaujaza kokoto safi, na uwanja uliobaki tukaupa mteremko ili maji yaende mbali na nyumba. Ndani tuling'oa vigae na plasta yote iliyoharibika, tukaacha mawe wazi. Halafu tukangoja. Mzee alinipigia simu mara kwa mara akiuliza rangi tunapaka lini, kwa sababu wageni walikuwa wanakuja, nami nilimwomba awakaribishe wageni hivyo hivyo, mawe yakiwa wazi. Leo ukuta ule ni mkavu.

Sasa nyinyi mkifika nyumbani, zungukeni nje. Je, umepanda maua kwenye tuta linaloegemea ukuta? Je, kuna mchanga wa ujenzi uliobaki, au mbolea, au kuni zilizorundikwa pale? Je, plasta ya nje imeshuka hadi ikagusa udongo? Plasta nayo hunyonya. Ikifunika karatasi kutoka juu hadi chini, imeyajengea maji daraja. Ikateni juu kidogo ya karatasi. Haya yote yanahitaji jembe, tindo na Jumamosi moja.

Na kama nyumba haina DPC kabisa? Zipo nyingi. Kwanza fanyeni hayo niliyoyataja, kwa sababu ukishusha ardhi na kuyapeleka maji mbali, mara nyingi unyevu hupungua hata bila karatasi. Usipotosheka, fundi mzoefu anaweza kukata mstari wa saruji kati ya mawe, kipande kisichozidi mita moja kwa wakati mmoja, apenyeze karatasi, azibe kwa saruji ngumu, angoje ikamate, kisha aende kipande kingine. Asikate ukuta mzima kwa mkupuo hata kama anasema ameshafanya. Ukuta utakaa vibaya, utapasuka. Kuna pia dawa za kudungia ukutani kupitia matundu yanayotobolewa kwa drili. Zinasaidia zikitumiwa vizuri, lakini ni ghali, na hazisaidii chochote kama tuta la maua bado limeegemea ukuta.

Ndugu zetu wa Mwariki na Barut, najua mko hapa. Ziwa Nakuru limepanda tangu miaka ya 2010, likaingia mashambani na majumbani. Sitawadanganya. Maji ya ziwa yakishasimama kwenye kuta, karatasi na kokoto haziyashindi. Hilo ni jambo la kupata mahali pengine salama pa kuishi, na tunapaswa kulisema kwa sauti moja mbele ya serikali ya kaunti.

Jambo moja kuhusu mabomba kabla sijapanda juu. Doa la mvua huongezeka masika na kupungua kiangazi. Doa linalokua hata mwezi wa Januari jua likiwaka, hilo lina bomba ndani yake. Usiku kabla ya kulala funga koki zote za maji, usome mita ya maji, uandike namba. Asubuhi kabla mtu hajagusa maji, isome tena. Namba ikiwa imesogea, maji yanavuja mahali, na bili unailipa wewe.

Sasa tuangalie juu. Siku hizi kila anayejenga anataka paa lililofichwa, lile linalozungukwa na ukuta mfupi ili mabati yasionekane kutoka barabarani. Nitasema ninavyoamini, na anayejenga hivyo asinichukie. Kwa nyumba ya familia isiyo na mtu wa kupanda juu kila mara kukagua, silipendi. Paa la kawaida lenye mabati yaliyotokeza nje futi mbili linaukinga ukuta wote pande zote. Paa lililofichwa linauacha ukuta uchi, na maji yote ya mvua yanakusanywa kwenye mfereji ulio ndani ya nyumba yako, juu ya silingi yako, juu ya kitanda chako.

Kule Kiamunyi nilikuta chumba cha kulala chenye doa la rangi ya chai kwenye kona ya juu. Gipsamu ya silingi ilikuwa imebadilishwa, ikalowa, ikabadilishwa tena. Nilipanda juu. Tundu la kutolea maji lilikuwa limezibwa na majani ya jakaranda na mfuko mmoja wa plastiki. Maji yalikuwa yamesimama kwenye mfereji hadi yakapita juu ya flashingi, lile bati linaloziba pale paa linapokutana na ukuta, yakashuka ukutani. Tuliyatoa majani kwa mikono, tukaongeza tundu la pili pembeni la kumwaga maji nje yanapozidi, tukaziba nyufa za juu ya ukuta mfupi. Gipsamu haikuwa na kosa lolote.

Mkiangalia juu, angalieni na madirisha. Kizingiti cha dirisha kinatakiwa kielekee nje kwa mteremko, na chini ya ukingo wake kuwe na kimfereji chembamba ili tone likifika pale lidondoke badala ya kurudi ukutani. Kama una michirizi myeusi chini ya madirisha yako, kimfereji hicho hakipo au kimejazwa rangi.

Kina mama na wapangaji, sasa nakuja kwenu. Kuna maji yasiyotoka chini wala juu. Yanatoka ndani ya chumba.

Nakuru iko mita zipatazo 1,850 juu ya usawa wa bahari, na usiku wetu una baridi mnayoijua. Hewa yenye joto hubeba mvuke mwingi. Ikigusa ukuta baridi, mvuke unageuka maji. Na mvuke unatoka wapi? Unatoka kwenye pumzi zetu tukiwa tumelala. Unatoka kwenye maji ya kuoga, kwenye nguo zilizoanikwa ndani kwa kuogopa wezi, kwenye sufuria ya githeri inayochemka bila kifuniko. Unatoka hata kwenye moto wenyewe. Kilo moja ya gesi ya kupikia ikiungua hutoa takriban lita moja na nusu ya maji, yakiwa mvuke. Mtungi wa kilo 6 ukiisha, lita zipatazo 9 zimeingia kwenye hewa ya chumba chako. Zimeenda wapi kama dirisha limefungwa?

Kaptembwa niliitwa kuamua ugomvi. Mama kijana, watoto wawili, chumba kimoja. Nyuma ya kitanda ukuta ulikuwa na madoadoa meusi ya kuvu, na mtoto mdogo alikuwa akikohoa usiku kucha. Mwenye ploti alisema mpangaji ni mchafu, na atakata pesa za rangi kwenye diposti. Mpangaji alisema ukuta unavuja. Nani mkweli?

Nilichukua kipande cha nailoni, nikaukausha ukuta kwa kitambaa, nikakibandika kwa selotepu pande zote nne, nikaomba kisiguswe kwa siku mbili. Jaribio hili fanyeni wenyewe, halihitaji fundi. Ukikuta matone nyuma ya nailoni, upande wa ukuta, basi ukuta ndio unaotoa maji. Ukikuta matone juu yake, upande wa chumba, na nyuma ni kukavu, basi ni hewa ya chumba. Pale Kaptembwa nyuma ya nailoni palikuwa pakavu. Mwenye ploti akafurahi. Nikamwomba atoke nje nami tuangalie juu ya dirisha. Matundu ya hewa yalikuwa yamezibwa kwa saruji. Yeye mwenyewe aliagiza yazibwe alipokarabati, ili ploti ionekane mpya. Dirisha lilikuwa moja, halifunguki ila upande mmoja. Mama huyu angefanya nini? Aache kupika? Watoto waache kupumua?

Matundu yalifunguliwa wiki ile. Kitanda kilisogezwa mbali na ukuta kiasi cha kupitisha mkono. Kuvu ilipanguswa kwa kitambaa chenye maji na jiki, ile dawa ya kung'arisha nguo nyeupe, dirisha wazi, watoto wakiwa nje, na jiki haikuchanganywa na dawa nyingine yoyote, kwa sababu mchanganyiko huo hutoa hewa ya sumu. Sufuria ikapata kifuniko. Na nawasihi, kwa ajili ya baridi msiingize jiko la makaa ndani mkafunga mlango. Hewa ya makaa huua watu usingizini, na haina harufu ya kuwaonya.

Mnadhani kuvu ni jambo la urembo tu? Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2009 likieleza wazi kwamba unyevu na kuvu ndani ya nyumba vinahusiana na pumu na matatizo ya kupumua. Na huko Uingereza, mji wa Rochdale, mtoto wa miaka 2 alifariki Desemba 2020. Uchunguzi wa mahakama, mwaka 2022, ulitamka kwamba kilichomuua ni kuvu aliyoivuta kwa muda mrefu katika nyumba ya kupanga. Baba yake alikuwa amelalamika mapema. Mnajua aliambiwa nini? Apake rangi juu yake. Apake rangi! Nchi tajiri, na jibu likawa lile lile tunalopeana hapa.

Wenye ploti, ninyi ni majirani zangu na wengine mmenipa kazi. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya makao yanayofaa. Kabla hujakata diposti ya mtu kwa sababu ya ukuta mweusi, bandika nailoni. Angalia matundu. Angalia gata, ule mfereji wa ukingoni mwa paa. Ukishajua maji yanatoka wapi, ndipo mzungumze ni nani alipe. Na wapangaji, toeni taarifa doa likiwa ukubwa wa sahani, msingoje lifike silingi.

Tumeshaujua mlango wa maji, tumeufunga. Sasa ukuta unatengenezwa vipi? Hapa ndipo wengi hurudi nyuma kwa haraka. Maji yanayopanda kutoka ardhini hubeba chumvi. Maji yanakauka, chumvi inabaki kwenye plasta, ndio ule unga mweupe. Chumvi hiyo huvuta unyevu kutoka hewani, kwa hiyo hata ukiwa umefunga kila mlango, plasta ya zamani itaendelea kulowa siku za mvua, nawe utasema fundi alikudanganya. Itoe yote. Bomoa hadi sentimita 30 hivi juu ya mahali alama ya unyevu ilipofika, hadi jiwe lionekane. Unga mweupe ufagie ukiwa mkavu, usiuoshe, maana ukiuosha unaurudisha ndani.

Kisha ngoja. Wajenzi wana kanuni ya kukadiria: mwezi mmoja kwa kila inchi ya unene wa ukuta. Jiwe la inchi 6, miezi sita. Upepo na jua la Nakuru vinaweza kupunguza muda huo, na madirisha wazi yanasaidia sana, lakini hakuna ukuta uliolowa miaka mitano utakaokauka kwa wiki mbili. Fundi akikuahidi hivyo, mwulize maji yameenda wapi. Kuupaka kwa ndani kitu kizito cha kuzuia maji ukuta ukiwa bado umelowa ni kuyafungia maji ndani. Yatatafuta pa kutokea, kama yalivyofanya nyuma ya vigae vya yule mzee. Ukuta ukishakauka, plasta mpya iwe ya mchanga safi wa mtoni uliooshwa, na rangi ya kwanza iwe inayopitisha hewa.

Mwenyekiti ananionyesha saa, nami nimebakiza jambo moja. Masika yanaanza Machi. Mvua kubwa ya kwanza ikinyesha mchana, usikae ndani. Chukua mwavuli, vaa gambuti, uizunguke nyumba yako polepole. Tazama gata linamwaga wapi. Tazama maji yanaporuka kutoka ardhini na kupiga ukuta, na yaliposimama bila kwenda popote. Piga picha kwa simu, kila upande. Utakaponiita mimi au fundi mwingine, tuonyeshe picha hizo kwanza, kabla ya kutuonyesha doa. Jumamosi ijayo nitakuwa hapa hapa ukumbini saa nne asubuhi na kipande cha DPC, nailoni na selotepu, kwa yeyote anayetaka kuona jinsi ya kufanya. Sasa nakaribisha maswali. Tuanze na mama aliye karibu na dirisha.